Sifuri za Bikizee

Machi 2

Mvua imeanza leo, na kama kawaida paa la chumba cha zamu limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kabati la nyaya. Tumeweka ndoo. Tunaongea na chombo kilichozipita sayari zote, lakini fundi wa paa hapatikani.

Asubuhi Mkuu alituita, akasimama mbele yetu na koti lake lililofungwa vifungo vyote, akatuambia kwamba masika haya ndiyo ya mwisho kwa Bikizee. Umeme wake unaisha. Mvua zikikatika tunamzima, tunafunga chumba, kila mtu anapangiwa kazi nyingine. Alisema yote hayo kama mtu anayesoma bei za sabuni. Sijawahi kuona mtu mwenye damu baridi kama huyu.

Bikizee ni chombo chetu cha angani. Hana mtu ndani, ni mitambo tu na redio yake, na alirushwa kabla sijazaliwa. Yuko mbali kiasi kwamba amri tukiituma leo inamfikia kesho, na jibu lake linatufikia keshokutwa. Nimekaa naye miaka mingi kuliko niliyokaa na mume. Mume aliondoka hata salamu hakuacha, huyu anaondoka tangu sijazaliwa na bado anatuma habari.

Nitaandika humu mpaka mwisho wake. Nimeshtuka, na sijui kwa nini, maana sote tulijua. Lakini kujua kwamba mgonjwa hatapona ni kitu kimoja, kutajiwa siku ni kingine.

Machi 5

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili. Bikizee hajambo.

Machi 9

Jumatatu, siku ya kumsalimia Marehemu.

Ndani ya Bikizee kuna kifaa cha kuhesabu chembe ndogondogo zinazopita huko angani. Kilikufa zamani, ndiyo maana hapa ofisini kinaitwa Marehemu. Kila Jumatatu, kabla ya kazi nyingine yoyote, tunamtumia amri moja: Zima. Kwa kuwa alishazimwa, amri hiyo haina madhara. Bikizee anajibu tu kwamba ameipokea, nasi tunajua masikio yake bado yanasikia. Desturi hii niliikuta, na walionipokea waliikuta. Hakuna anayeona ajabu kwamba kila wiki tunamwambia maiti alale.

Marehemu ni kazi ya mikono ya Baba. Kila mtu hapa analijua hilo, na hakuna anayelisema nikiwa karibu. Bikizee alipoipita sayari ya mwisho, kifaa kile kikaanza kuleta sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, wiki baada ya wiki. Baba akasema waya aliouunga mwenyewe umekatika kwa baridi, kosa ni lake, kizimwe ili umeme wake wapewe wengine. Kikazimwa. Mwaka uleule akaacha kazi, akafungua kibanda cha kutengeneza pasi na redio za watu. Mimi nikakua nikiambiwa na watoto wa wenzake kwamba baba yangu ndiye aliyepeleka takataka mbinguni.

Leo nilimfuata Mkuu ofisini kwake. Nikamwomba kwamba kabla ya kumzima Bikizee, tumwashe Marehemu mara moja tu.

"Kwa kusudi gani?"

"Tujue kama kweli alikufa."

"Tunajua, mama. Baba yako mwenyewe ndiye aliyesema."

Hata kalamu hakuiweka chini. Nimerudi mezani kwangu na hasira. Baba amepita themanini. Nataka aondoke duniani akijua kwamba mikono yake haikuwa mibovu, na nafasi ya kulijua hilo inafungwa pamoja na masika.

Machi 12

Nyumbani. Baba alikuwa barazani na pasi ya jirani, ameitapanya vipande vipande. Kila nikirudi swali lake ni lilelile.

"Bikizee hajambo?"

"Hajambo, Baba."

Kuhusu Marehemu haulizi kamwe. Shangazi, dada yake, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akadakia kutoka jikoni. "Kaka, mwanao anataka kumfufua yule wako!"

Nani alimwambia? Mimi mwenyewe, juzi, kwa upumbavu wangu.

Baba hakukasirika. Alipuliza vumbi kwenye skrubu moja. "Kidonda kimeshapona, mwanangu. Usikichokonoe."

Machi 16

Jumatatu. Tumemsalimia Marehemu. Fasta, mwenzangu wa zamu, amekuja amechelewa na bado akamaliza kazi yake kabla yangu. Huyu bwana anaandika amri kama anayekimbizwa na nyuki. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, dada." Siku moja atatutia matatani.

Machi 19

Redio ya Bikizee inazidi kupoa. Mkuu ameamua kwamba Jumatatu tuwashe hita ndogo iliyo ubavuni mwake. Umeme uliobaki unatosha kuwasha kitu kimoja tu, na kitu hicho ni hita. Bila hita, redio itaganda baada ya siku chache. Ikiwaka, ataweza kuongea mpaka mvua ziishe.

Machi 21

Mvua usiku kucha. Shangazi kapoteza mwavuli, kalaumu kila mtu.

Machi 23

Sijui nianzie wapi.

Leo kulikuwa na amri mbili. Kwa kawaida Jumatatu tuna moja, ile ya Marehemu, na ndiyo ya kwanza daima. Lakini leo Mkuu aliipanga ya hita juu kwa kuwa ndiyo yenye dharura, ya Marehemu akaiweka chini yake. Hita, washa. Marehemu, zima. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza.

Utaratibu wetu ni kwamba mmoja anaandika, wa pili anasoma kwenye skrini na kusema "sawa," ndipo amri inaondoka. Fasta aliandika. Vidole vyake vimezoea miaka yote hii kwamba Jumatatu neno la kwanza ni Zima, basi vikaandika Zima. La pili vikaandika Washa. Nami niliyetakiwa kusoma nilikuwa nimegeuza shingo naangalia ile ndoo, imejaa inataka kumwagika kwenye nyaya. Nikasema, "Sawa."

Nilisema sawa. Sikusoma hata herufi moja.

Tulikunywa chai. Tukacheka, nadhani. Halafu Fasta akarudi mezani kufunga kazi, nikasikia ananiita kwa sauti ambayo si yake.

"Dada."

"Nini tena?"

"Njoo uone."

"Si useme?"

"Dada, njoo. Nimeua."

Nilisoma mstari wa kwanza, nikasoma wa pili. Hita tumeiambia izime. Marehemu tumemwambia awake. Tumemnyima umeme mgonjwa, tumempa maiti.

Nilitegemea Fasta ataanza kutafuta pa kujificha, angalau aseme kompyuta ilikwama. Wapi! Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Mkuu, akagonga, akasema, "Mzee, nimekosea amri, na imeshaondoka." Hata jina langu hakulitaja. Ikabidi nimkimbilie nikaseme mwenyewe kwamba niliitikia bila kusoma.

Mkuu aliketi. Kiti kilikuwa mbali kidogo, akakikosa nusu. "Imeondoka?" aliuliza. "Zote mbili?"

"Zote mbili."

Hakuna cha kufanya. Mtu asiyefanya kazi yetu hawezi kulielewa hili. Barua unaweza kuiwahi posta. Gari unaweza kulifukuzia. Amri ikishatoka kwenye dishi hakuna kitu duniani wala mbinguni kinachoweza kuikimbilia kikaipita. Unachoweza kufanya ni kutuma nyingine nyuma yake, ikimbie kwa kasi ileile, isiifikie kamwe. Na wakati huo dishi lilikuwa limeshageuzwa kwa kazi nyingine. Mkuu alipiga simu, akabembeleza, akafoka, mara ya kwanza namsikia akifoka, mpaka wenye dishi wakaturudishia. Tukatuma marekebisho: Marehemu, zima. Hita, washa. Safari hii tulisoma herufi kwa herufi, watatu kwa pamoja kama watoto wa chekechea.

Yatafika saa mbili hivi baada ya lile kosa. Katika hizo saa mbili Bikizee atakuwa na redio ya baridi na kifaa kilicholala miaka yote kinanyonya umeme wake. Kama hawezi kuvumilia, ndiyo kwa heri, na tumemuua sisi, mimi na ndoo yangu.

Baba ameuliza kama Bikizee hajambo. Nimemwambia hajambo.

Machi 24

Sasa hivi, ninapoandika, amri mbaya inamfikia. Hana habari kwamba ni kosa. Anafanya tu alichoambiwa.

Nimemletea Fasta chai, imepoa mbele yake.

Machi 25

Yu hai! Bikizee yu hai!

Mvua ilikuwa kubwa na sauti yake ilikuja imechakaa, nusu makelele, lakini ilikuja. Redio imevumilia. Marekebisho yamefika, hita inawaka. Fasta aliinamisha kichwa juu ya meza akalia waziwazi, nami nikampigapiga mgongoni. Nikasema moyoni kwamba sitamcheka tena mtu huyu.

Halafu Mkuu akasema, polepole, "Safu ya saba ni ya nani?"

Safu ya saba ni ya Marehemu. Tangu nianze kazi hapa ina vistari vitupu, kwa sababu kifaa kilichozimwa hakina cha kusema. Nilitazama. Kwa zile saa mbili za kosa letu, mahali pa vistari palikuwa na tarakimu. Kumi na saba. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Thelathini na moja. Halafu marekebisho yetu yakamfikia, na vistari vikarudi.

Fasta akasema ni makelele ya mvua. Mkuu akatikisa kichwa. Makelele ya mvua yanachafua safu zote, hayachagui moja. Tukazisoma tena. Marehemu alikuwa anahesabu. Yuko mzima kabisa!

Nilipiga yowe. Nilirukaruka kama mwehu, nikachukua mkoba, nikiwaza sura ya Baba nikimwambia. Waya haukukatika! Mikono yake haikuwa mibovu! Nilikuwa nimeshafika mlangoni Mkuu aliponishika mkono.

"Kaa kwanza, mama."

"Niache, Mkuu, nataka nikamwambie Baba."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba kifaa chake ni kizima!"

"Na nani aliyesema kizimwe?"

Nikakaa. Nilikaa sakafuni, si kwenye kiti. Miaka yote nimekuwa nikipigania nusu ya habari. Baba alikubali lawama ya waya mbovu, na lawama hiyo leo imekufa. Lakini kama waya haujakatika leo, haukukatika na siku ile. Kifaa kilikuwa kizima, na Baba akaagiza kizimwe. Safari yote ile, miaka yote ile ya anga ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifikia, haikuhesabiwa na mtu. Na sisi kila Jumatatu tulikuwa tunamwambia aliye hai: zima.

Mkuu alikuwa anatazama dirisha. "Nilikuwa mwanafunzi wake," alisema. "Yeye alitoa amri, mimi ndiye niliyebonyeza. Kidole ni hiki." Alikinyanyua akakitazama. Sijawahi kumwona Mkuu akiwa na sura ile, na nimejuta yote niliyowahi kumsema.

Machi 26

Sijamwambia. "Bikizee hajambo?" "Hajambo." Shangazi kanikodolea macho. "Una nini wewe? Umekaa kama mtu aliyemeza mfupa."

Machi 27

Nimemwambia.

Nilimkuta barazani na bisibisi yake. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Nikaona nikingoja maneno mazuri sitayapata.

"Baba, Jumatatu tulikosea. Tulimwasha Marehemu."

Bisibisi ikasimama. "Mlimwasha?"

"Kwa bahati mbaya. Saa mbili tu."

"Akasemaje?"

"Alihesabu, Baba. Kumi na saba, ishirini na mbili. Thelathini na moja."

Alinitazama kama hajanisikia. Halafu uso wake ukafunguka. Mungu wangu, sijawahi kumwona hivyo tangu nizaliwe. Alisimama bila kushika ukuta. "Waya umeshika!" akasema. "Dada! Dada, njoo! Waya wangu umeshika!" Shangazi akatoka na mikono ya unga, akauliza waya gani, akaambiwa, akapiga makofi mpaka unga ukatuingia machoni. Baba anacheka, Shangazi anacheka, nami nimesimama pale nangoja. Nilijua swali linakuja. Baba ni fundi. Fundi haachi hesabu njiani.

Kicheko kilimwisha kidogo kidogo. Aliketi tena.

"Umeshika tangu lini?" aliuliza.

Nilishika nguzo ya baraza.

"Haukukatika," alisema. "Basi zile sifuri..."

"Baba."

"Zile sifuri, mwanangu. Kifaa kizima kinaleta sifuri kukiwa na nini?"

Nikaona bora niseme mimi kuliko aseme yeye. "Kukiwa hakuna kitu cha kuhesabu."

"Palikuwa patupu," alisema. "Alipita mahali patupu, akaniambia ni patupu. Aliniambia ukweli. Nami nikadhani amekufa." Alitazama mikono yake, juu na chini. "Nimemzika akiwa hai."

Shangazi alifuta unga kwenye kanga. "Ungejuaje, kaka? Nani angejua?"

"Ningesubiri," alisema Baba.

Chakula kimelala mezani mpaka kimepoa. Nilitaka kumpa zawadi kabla hajafa, tazama nilichompa.

Machi 28

Hajala. Hajagusa pasi. Shangazi hanisemeshi.

Machi 29

Amekula kidogo. Jioni akaniambia, "Kesho nitakuja kazini kwako." Hajakanyaga pale tangu aondoke.

Machi 30

Mkuu alikuwa mlangoni na mwavuli. "Shikamoo, mwalimu," alisema. Baba akamtazama sana. "Marahaba. Umezeeka." Ndiyo salamu yote waliyopeana baada ya miaka hiyo.

Tulikaa sote chumba cha zamu, ndoo katikati yetu ikilia ti, ti, ti. Mkuu alieleza bila kuzunguka. Umeme unatosha kitu kimoja. Tukiiacha hita, Bikizee ataongea mpaka mvua ziishe, lakini hana tena la kusema zaidi ya kwamba yupo. Tukimpa Marehemu umeme huo, redio itaganda baada ya siku chache, lakini siku hizo tutasikia kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukisikia.

Nilimtazama Baba, nikitegemea aombe. Hakuomba. "Mimi niliwahi kuamua," alisema. "Amua wewe."

Mkuu alifungua kifungo kimoja cha koti. Nimefanya naye kazi miaka yote hii, sikujua vifungo vile vinafunguka. "Mwasheni," alisema.

Fasta aliandika. Hita, zima. Marehemu, washa. Nilisoma kwa sauti, nikarudia, nikarudia tena, ndipo nikasema sawa. Ni Jumatatu ya kwanza tangu nianze kazi ambayo hatukumwambia Marehemu azime.

Aprili 1

Zimefika. Arobaini. Thelathini na nane. Hamsini na mbili. Baba alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Fasta akampisha kiti chake mwenyewe, akasimama nyuma yake mpaka zamu ikaisha.

Aprili 3

Mia na nne.

Aprili 4

Simu haziachi kulia. Wataalamu wa mbali wanataka kujua kwa nini kifaa hiki hakikuwashwa mapema. Mkuu anajibu zote. Kila mara anasema, "Tulikosea." Tulikosea, sisi sote. Baba anasikia, anainama kwenye skrini.

Aprili 7

Mia mbili na kitu. Redio imepoa zaidi. Baba anamfundisha Fasta jinsi ya kusoma tarakimu bila pupa. Ati kwanza utazame, halafu utazame tena, halafu unywe maji. Shangazi ametuma chakula cha watu wanne, maana yake ameanza kunisamehe.

Aprili 9

Nilimwambia Baba pole. Akauliza pole ya nini. Nikasema ya kukuambia. Alifikiri. "Inauma," alisema. "Inauma sana, sitakudanganya. Lakini namsikia." Akarudi kwenye skrini.

Aprili 10

Mvua kubwa mno. Tumepokea robo tu.

Aprili 11

Nilipofika asubuhi wote walikuwa wamesimama, na hakuna aliyegeuka kunisalimia.

Safu ya saba: sifuri. Chini yake sifuri. Chini yake sifuri.

Jana kabla ya mvua kutuharibia alikuwa mia tatu na kitu. Leo hakuna hata moja. Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa kitini, uso umekaribia kugusa kioo.

Fasta ndiye aliyeuliza. "Amekufa," alisema kwa sauti ndogo, "au ni patupu?"

Mkuu alieleza, na nilisikia jinsi alivyolazimika kuyatoa maneno. Kama kifaa kimekufa, tukizime leo, turudishe hita, na Bikizee atapata tena wiki kadhaa. Tukichelewa mpaka kesho, redio itakuwa imeshaganda. Kama hakijakufa, basi kinasoma utupu na tukiache. Ni yaleyale, neno kwa neno, walewale watu wawili ndani ya chumba kilekile. Nilitaka kutoka nje. Nilitaka kumtoa Baba nje.

Mkuu alikaa mwenyewe kwenye meza ya amri. Mkono wake ulikuwa juu ya vitufe. "Mwalimu," alisema. "Nifanye nini?"

Baba alitazama. Akatazama tena. Fasta akampa maji, akanywa.

"Sijui," alisema.

Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akitamka neno hilo juu ya kazi.

"Kadiria tu, mwalimu."

"Nimekuambia sijui. Huenda waya umekatika kweli safari hii. Huenda amefika mahali pasipo na kitu. Zote mbili ni sifuri." "Kama hatujui, kwa nini tumzime?"

Mkuu aliondoa mkono kwenye vitufe. Akausukuma na ubao wenyewe wa vitufe mbali naye, mpaka ukagonga ukuta. Hatukutuma chochote.

Aprili 12

Sifuri. Sauti yake imekuwa nyembamba, inakwenda ikirudi. Baba amelala palepale kitini.

Aprili 13

Bikizee amenyamaza asubuhi hii. Mstari wa mwisho umekatika katikati, kama mtu aliyeitwa akaondoka mezani. Safu ya saba ilikuwa sifuri mpaka hapo. Hatutajua kamwe.

Mkuu alisimama, akashukuru kila mmoja, akashindwa kumaliza. Fasta alilia tena, na safari hii hata mimi. Tukakusanya vikombe. Mvua nayo imekatika, ndoo imenyamaza, chumba kimekuwa kimya hata kinatisha. Nikachukua koti la Baba nimvishe twende.

"Bado," alisema.

"Baba, redio imeganda."

"Huenda."

Mkuu akaja, akachuchumaa mbele yake. "Mwalimu, imekwisha. Baridi ile haiwezi kuinuka tena. Mimi na wewe tunaijua."

"Huenda," alisema Baba, bila kuondoa macho kwenye kioo kisicho na kitu. "Lakini bado."

Ndipo nikaelewa kwamba hatatoka pale. Hatatoka leo, na sijui kama atatoka kesho. Mkuu naye alielewa, maana hakuzima taa. Alivuta kiti, akaketi karibu naye.

Nimekuja nyumbani mara moja kumchukulia Baba sweta. Narudi.